Mkaguzi wa Chupa na Nyumba Aliyoikosea

Mzee Chupa akiingia kwenye saluni ya wanawake, siku hizi hakuna anayeshtuka. Jua la alasiri likishalegea, mlango unafunguka taratibu, anaingia, anavua kofia, anatazama huku na huku kama mtu aliyezindukia kwenye kitanda cha wenyewe, kisha anasema, "Samahani jamani, nimekosea nyumba." Akishasema hivyo haondoki. Anakwenda moja kwa moja hadi kwenye kochi lililo chini ya dirisha, anaketi, anaiweka kofia juu ya goti, na kabla msusi hajamaliza mstari mmoja wa nywele, mzee wa watu keshapitiwa na usingizi.

Mimi ni jirani yake wa mbele. Wananiita Redio, na sioni haja ya kujitetea. Habari zikinifikia asubuhi, kufika adhuhuri mtaa mzima unazo, tena zimeshatiwa chumvi kidogo ili zisichachuke. Lakini habari ya Mzee Chupa nilikaa nayo miaka mingi bila kuirusha hewani, na kama si mambo ya Jumamosi ile ningeingia nayo kaburini. Leo naisimulia yote, kwa hiyo mwenye chungu jikoni akaepue kwanza.

Kwanza ujue mtaa huu ulivyokuwa. Nyumba zote hizi zilijengwa na kiwanda cha chupa kwa ajili ya wafanyakazi wake, zikajengwa kwa ramani moja, na nadhani kwa haraka moja. Mlango wa kijani, dirisha kushoto, kibaraza cha kutosha watu wawili wasiogombana, bomba la nyuma linalovuja. Mstari baada ya mstari, nyumba baada ya nyumba, hakuna hata moja iliyothubutu kujitofautisha na mwenzake. Hata funguo hazikuwa na adabu. Wako ulifungua kwa jirani, na wa jirani ulifungua kwako, ndiyo maana kila nyumba ilitiwa komeo kwa ndani. Asiyefunga komeo alijitakia wageni.

Na wageni walikuja. Watu walikuwa wakitoka zamu wamechoka, macho yamejaa joto la tanuri, wanaingia popote penye mlango wa kijani. Watoto waliogeshwa na mama wasio wao, wakavalishwa na nguo. Marehemu mume wangu aliwahi kuketi mezani kwa watu, akaonja mchuzi, akalalamika kuwa chumvi imepungua, mpaka mwenye nyumba alipotoka chumbani na taulo kiunoni kumuuliza alikuwa anataka iongezwe kiasi gani. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi. Kukosea nyumba hakukuwa aibu, kulikuwa sehemu ya anwani.

Nikikumbuka siku zile, kinachonijia kwanza ni mwanga. Chupa zenye kasoro ziliruhusiwa kuchukuliwa nyumbani, na kila mtu alizipanga dirishani, za kijani na za kahawia na zile nyeupe zenye rangi ya maji. Jua la jioni lilipopita humo, madoa ya rangi yalitembea ukutani, yakapanda juu ya kitanda, yakapita usoni mwa mtoto aliyelala. Ungeweza kukaa sebuleni kwako bila kufanya lolote, ukiyatazama yanavyohama polepole, mpaka king'ora cha kubadilisha zamu kilie na mtu akumbuke kuwa kuna chakula cha kupika. Sijui kama tulikuwa na furaha kuliko watu wengine. Najua kwamba mwanga ule siuoni tena popote.

Mzee Chupa alikuja hapa kijana mwembamba, hana ndugu, hana hata sufuria, akapangiwa nyumba moja na makapera wenzake katika mstari wa mbele. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kukagua. Chupa zilipita kwenye mkanda, nyuma yake pana ubao mweupe unaowaka taa, na yeye ameketi kwenye kiti kirefu anazitazama zinavyopita. Zote sawa, zote zinang'aa, zinapita na kupita kutwa nzima au usiku kucha. Wenzake walishindwa kazi ile. Wengine walisinzia, wengine waliona kizunguzungu, mmoja aliapa kuwa chupa zilikuwa zinamkonyeza. Yeye alitulia tu. Chupa yenye kiputo kidogo kama punje ya mchanga aliiona ikiwa bado mbali, akanyoosha mkono na kuichomoa bila kuzigusa za jirani. Kitako kikiwa chembamba, shingo ikipinda unywele mmoja, alijua. Msimamizi alikuwa akisema kwamba kijana yule akimpa mkono asubuhi, anahisi anatafutwa nyufa.

Basi mtu huyo ndiye aliyekosea nyumba.

Kisa chenyewe kila mtu hapa anakijua, na kila harusi lazima kisimuliwe. Kijana alitoka zamu ya usiku, asubuhi kumekucha, umande bado uko kwenye majani. Badala ya kwenda mstari wa mbele akaenda mstari wa nyuma, akafungua mlango wa Mama Mpishi, yule aliyekuwa anapika kantini ya kiwanda. Mama Mpishi keshaondoka kazini. Kijana akavua viatu mlangoni kwa heshima zote, akajilaza kwenye kochi chini ya dirisha, akalala. Binti wa Mama Mpishi akatokea uani na ndoo ya maji, akamkuta mwanamume mzima anakoroma sebuleni kwao. Hakupiga kelele. Alichukua shuka akamfunika miguu, akavuta kiti, akaendelea kufuma sweta lake. Kijana alipoamka jua lilikuwa juu. Akatazama dari, akatazama binti, akasema, "Samahani, nimekosea nyumba." Binti akamjibu, "Umeshakosea. Kunywa basi chai." Mama Mpishi alirudi akawakuta mezani. Alivyomfukuza na mwiko mpaka barabarani, viatu vikabaki nyuma, wewe acha tu.

Wazee wa mtaa walimwendea viatu vyake, kisha wakarudi kwa Mama Mpishi na posa. Mtaa ulicheka mpaka mbavu zikauma. Mkaguzi asiyepitwa na kiputo kwenye chupa, kashindwa kuujua mlango wake! Jina la Chupa likamganda tangu siku ile.

Yule binti baadaye akawa mwalimu wa chekechea, na sote tukamwita Mwalimu, hata tuliomzidi umri. Hakuna mtu mzima aliyezaliwa mtaa huu ambaye hakufutwa kamasi na Mwalimu. Waliishi vizuri, yeye na mkaguzi wake. Sisemi hawakugombana, kuta zetu zilikuwa nyembamba na masikio yangu mazima. Lakini jioni walikaa kibarazani bega kwa bega, yeye akifuma, mumewe akimshikia uzi, na mimi upande wa pili wa barabara nilijikuta nimetulia kuwatazama, chai inapoa mkononi.

Siku moja, sisi sote tumeshakuwa na mvi, tulikuwa tunaanika nguo kwenye kamba moja. Nikamtania, kama kawaida, kuhusu mumewe na mlango wa mama yake. Mwalimu akabana kibanio kwenye shuka, akatazama kulia na kushoto, akanong'ona, "Redio, hiki usikirushe hewani."

"Sirushi."

"Hakukosea."

Nikabaki nimeshika shati lililolowa, maji yananichuruzikia kwenye viganja.

"Alikuwa anapita dirishani kwetu karibu kila asubuhi akitoka zamu," akasema. "Anapunguza mwendo, ananitazama, anaendelea. Mtu anayeona tofauti ya chupa na chupa, atakoseaje nyumba mwezi mzima upande uleule? Nikaona huyu atapita hapa mpaka azeeke. Siku hiyo nilipokisikia king'ora, nikaenda nikafungua komeo. Hata siku iliyotangulia nililifungua, akaishia kibarazani, akageuka. Mimi niko nyuma ya pazia nimejiziba mdomo kwa kucheka."

"Na yeye anajua kwamba ulimfungulia?"

"Thubutu! Na asijue. Mwache aone aliniweza."

Akacheka kicheko chake kile cha chini chini, akachukua beseni lake akaingia ndani. Nikaapa, na Mungu ni shahidi, kiapo kile nilikishika. Kwa mtu wa aina yangu haikuwa kazi ndogo.

Kisha mambo yakabadilika, kama yanavyobadilika. Kiwanda kilifungwa, king'ora kikanyamaza, nyumba wakauziwa waliokuwa wanaishi humo. Kila mmoja akaanza kulipiza kisasi kwa ule mlango wa kijani. Huyu kaongeza ghorofa, yule kabandika vigae mpaka ukutani, mwingine kajenga ukuta mrefu na geti la chuma ambalo hata mwenyewe hulifungua kwa jasho. Kiwanda chenyewe kikageuzwa duka kubwa lenye uwanja wa kuegesha magari. Nyumba ya Mama Mpishi ilipita mikononi mwa watu kadhaa, ikaishia kwa msusi, binti mchangamfu mwenye ulimi kama wangu. Akaipaka rangi ya waridi, akatundika mbele bango la kichwa cha mwanamke mwenye nywele zinazopeperuka, kubwa kuliko mlango. Hata usiku wa giza usingeikosea.

Nyumba ambayo haikuguswa ni ya Mzee Chupa. Mlango wa kijani, dirisha kushoto, bomba la nyuma linavuja mpaka leo.

Mwalimu alitutoka mwaka juzi, taratibu, bila kusumbua mtu. Sitasema mengi hapo. Nilimlilia kama dada, na bado nikianika nguo namwachia nafasi kwenye kamba.

Baada ya msiba ndipo mzee alipoanza kukosea nyumba. Mara ya kwanza msusi alipiga yowe, mteja akakimbia nje na nywele nusu. Mara ya pili alimpa maji. Mara ya tatu alimwekea taulo safi miguuni akisinzia, na baada ya hapo kochi likawa la mzee. Wateja walimpenda. Akiamka aliwatazama kichwa kimoja kimoja, akanyoosha kidole na kusema, "Huyu mstari wa tatu umepinda," na msusi akitazama, ulikuwa umepinda kweli. Mtaa ulisikitika. Walisema mzee wa watu akili zinamtoka. Mimi nilinyamaza, nikitazama lile bango la waridi, nikijiambia moyoni, wewe mzee, ujanja wako haujazeeka.

Kumbe sikuwa najua yote.

Asubuhi moja alionekana mbele ya lile duka kubwa, amevaa koti lake la kazi, kopo la chakula mkononi, anamwomba mlinzi amfungulie maana zamu imeanza. Mlinzi alikuwa mgeni, hakumjua. Alimwacha amesimama juani mpaka mtu wa mtaani alipopita akamtambua. Alimkuta analia. Alikuwa ameisahau njia ya kurudi.

Ana mtoto mmoja tu, binti, mfamasia, anaishi mjini ghorofa ya juu. Ni mtoto mwema, sitaki mtu amseme vibaya. Alikuja mbio siku ileile, akakaa wiki, akanunua kila alichoona kinahitajika. Kabla ya kuondoka akatukusanya majirani. "Nawaomba," akasema, "akikosea tena njia, nipigieni. Nitamchukua akaishi na mimi." Tukaitikia kwa sauti moja, kama watoto wa chekechea. Akageuka tu, tukala njama. Habari za saluni hazitamfikia. Tulijua mzee akipelekwa kwenye ghorofa ile, akawekwa mbele ya televisheni na mlango uliofungwa, hatamaliza mwaka. Hapa ndipo penye kila kitu chake. Mwenyewe aliwahi kuniambia kibarazani, "Redio, wakinitoa hapa nitakuwa nimekufa, ila watachelewa kugundua."

Basi ikaja Jumamosi hiyo. Nilikuwa kibarazani nachambua mboga, nikaona gari la mfamasia mlangoni kwa baba yake, na mwenyewe anavuka barabara kuja kwangu. Macho yamemwiva.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja kimya kimya?"

"Baba yuko wapi? Mlango uko wazi, chai iko mezani imepoa."

"Yuko saluni."

"Saluni? Baba ana upara, Shangazi!"

Upara ule unajulikana.

Akaketi kwenye ngazi yangu, begi lake la mkononi akaliachia chini. "Mnanificha," akasema. "Mimi siyo mjinga. Kila nikipiga simu alasiri hayupo, na kila mtu ana jibu lake. Mnafikiri mnampenda kuliko mimi? Simu yangu ikilia nikiwa kazini nadhani naitwa kuchukua maiti yake barabarani. Nimeshamfungia nguo zake, begi liko kwenye gari. Nipeleke alipo."

Nikampeleka. Ungefanya nini? Barabara ile fupi niliiona ndefu, jua limeinama, vivuli vya kuta za watu vimelala njia nzima, na mimi natembea mbele kama ninayempeleka mtu kwa askari.

Saluni ilikuwa imejaa. Mzee alikuwa kwenye kochi, kofia juu ya goti, taulo miguuni, amefumba macho. Msusi kumwona mfamasia akaruka kumtetea. "Babu kaja kunipimia kioo cha dirisha," akasema. Uongo usiopangwa huwa hivyo. Mpima kioo mwenyewe kafumba macho.

"Anakuja hapa mara ngapi?" mfamasia akauliza.

Mashine ya kukaushia nywele ikaendelea kuvuma. Mteja aliyekuwa chini yake, aliyesikia swali tu bila kujua kinachofichwa, akaropoka kwa sauti ya juu, "Babu? Kila siku huja! Anasemaga kakosea nyumba!"

Mfamasia akajishika kiuno, akamtazama baba yake, na uso ukamvunjika. "Hii ni nyumba ya bibi," akasema polepole. "Si ndiyo? Kile kisa cha harusini. Anarudia kosa la ujana wake, Shangazi. Akili imerudi nyuma mpaka huko, na nyinyi mmekaa mnacheka. Basi. Leo naondoka naye."

Msusi alinitazama. Wateja walinitazama. Upande mmoja wa moyo wangu ulisema nena, upande mwingine Mwalimu ananiambia nyamaza, kibanio mkononi. Mwalimu, nisamehe. Nilinena.

"Mwanangu, baba yako alifanya kazi gani?"

"Alikuwa anakagua chupa. Unajua."

"Chupa zinazofanana. Sasa toka nje uitazame nyumba hii, rangi yake na hilo bango, halafu uniambie mkaguzi wa chupa ataikosea vipi." Nikavuta pumzi. "Hakukosea hata ile mara ya kwanza. Alikuwa akipita hapa kila asubuhi kumchungulia mama yako. Aliingia makusudi. Na mama yako alijua. King'ora kilipolia alinyanyuka akaenda kumfungulia komeo kwa mkono wake, akarudi uani kuchota maji kama asiyejua kitu. Aliniambia mwenyewe. Mtaa mzima tulicheka kosa ambalo halikuwepo."

"Nani alifungua komeo?"

Sauti ilitoka kwenye kochi. Nikaganda. Mzee alikuwa hajafumbua macho bado.

"Redio, nimekuuliza."

"Mwalimu," nikasema.

"Makusudi?"

"Makusudi. Hata siku iliyotangulia. Ulifika kibarazani ukageuka. Alikuwa nyuma ya pazia anakucheka."

Hapo akafumbua macho. Hakututazama, alitazama dirisha. Jua lilikuwa linaingia kwenye vichupa vya mafuta ya nywele, na rangi kidogo imemwangukia mkononi. Midomo ikaanza kumcheza. Nikadhani nimemuua mzee wa watu.

"Mimi nilidhani nimemdanganya," akasema. "Maisha yote tuliyokaa. Nikimtazama amelala, roho inanisuta. Huyu mwanamke mzuri hivi, nilimpata kwa uongo. Kila mwaka nilisema mwaka huu namwambia. Nikaogopa. Akaugua, nikasema akipata nafuu namwambia. Hakupata nafuu." Akafuta uso kwa kofia yake. "Kumbe alikuwa ananisubiri."

Akacheka. Alianza taratibu, kisha kicheko kikamshinda, akacheka huku machozi yanamtoka, mabega yanaruka, na msusi naye akaanza kulia na kitana mkononi. Mimi mwenyewe sikuwa na hali. Hata yule wa chini ya mashine akachomoa kichwa kuuliza nani kafa.

Kicheko kilipotulia, akamwita binti yake. "Mama, njoo hapa." Mfamasia akaenda, akapiga magoti mbele ya kochi na nguo zake nzuri.

"Sikufichi kitu," mzee akamwambia. "Kuna siku nakosea kweli. Siku ile ya kiwanda sikuwa naigiza. Nilisimama pale nikawa sijui ni mwaka gani, na niliogopa sana. Itatokea tena, najijua. Lakini hapa huwa sikosei. Hapa nakuja na akili yangu."

"Sasa kwa nini usiseme tu, Baba? Unasema umekosea, unatutia hofu."

"Niseme nini? Nimwambie msusi, mwanangu, niazime kochi nije kumkumbuka mke wangu? Mzee mzima?"

"Ungesema, Babu," msusi akadakia, pua imemziba. "Ningekuwekea na mto."

Mfamasia hakucheka. Alilaza kichwa kwenye magoti ya baba yake, na mzee akaweka mkono juu yake, akatulia. Nilitamani kutazama pembeni, sikuweza. Nilikuwa naliona moyoni lile begi lililo kwenye gari, nguo zake zimekunjwa, na sikujua bado litaamuliwa vipi. Hakuna aliyejua. Msusi alikuwa ameacha kusuka.

Mwishowe mfamasia akainua uso. "Twende nyumbani, Baba."

"Nyumbani wapi?"

Nilishika mkono wa kiti cha mtu.

"Kwako," akasema. "Nitalala hapo leo, na kesho. Kisha tutapanga na hawa waongo wako."

Mzee akamtazama muda mrefu, vile alivyokuwa akitazama vitu vikipita mbele ya taa, kisha akajiegemeza nyuma kwenye kochi na kujivutia taulo miguuni.

"Tangulia, mama," akasema. "Mimi nakaa kidogo. Nikichelewa, unajua nilipo."

Binti yake akasimama, akajipangusa magoti, akatoka kwenda kulishusha begi.